Gia ya tatu inatema mteremkoni: ninunue giaboksi ya gia tano au nitengeneze ya zamani?

"Fundi, salamu kutoka Molo. Nina pikapu ya Toyota Hilux ya 1982 niliyoachiwa na mzee, injini ya petroli ya 12R, gia nne, gialiva iko sakafuni. Napeleka viazi Nakuru mara kadhaa kwa wiki, nikirudi huwa mtupu au na magunia machache ya mbolea. Gia ya pili inasaga nikirudisha kutoka ya tatu, na ya tatu inatema, yaani inatoka yenyewe, nikiteremka Sachangwan. Siku hizi naishikilia kwa mkono. Fundi wangu anasema niachane na boksi hii ya kizee, ninunue ya gia tano iliyotoka kwa Hilux ya dizeli kule Grogan, Nairobi. Anadai inaingia tu kwa sababu zote ni Hilux, na kwamba nitaokoa mafuta. Mjomba naye anasema niweke oili nzito zaidi na mambo yatatulia. Nimfuate nani? Na nikibadilisha giaboksi, lazima nibadilishe logbuku?"

Ndugu yangu, kabla ya oili na kabla ya Grogan, tuanze na huo mkono wako. Acha kuishikilia gialiva. Gia ya tatu ikitoka katikati ya mteremko wa Sachangwan ukiwa na viazi nyuma, injini haishiki tena gari. Mzigo wote unabaki kwa breki, na breki za pikapu ya umri huo zikipata moto hupoteza nguvu wakati ule ule unaozihitaji. Tena, kusukuma gialiva mfululizo kunaibana uma ya gia dhidi ya mkono unaozunguka ndani ya boksi (si mkono wako, bali bangili ya chuma ambayo uma huisogeza ili ifunge gia kwenye shafti), ikiliwa kila kilomita unayoenda. Unazuia ugonjwa kwa kuuongeza.

Mpaka gari litengenezwe, punguza mzigo, na teremka ukiwa gia ya pili tangu kileleni, polepole, hata malori yakikupigia honi. Gia ikitoka ghafla, usiilazimishe irudi huku gari linakimbia. Kanyaga breki kwa nguvu mapema, kabla hazijapata moto, spidi ishuke kabisa, ndipo utafute gia. Na kama ya pili nayo imeanza kutema, viazi vyako visafiri na gari la mtu mwingine kwa sasa.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe, maana kusaga na kutema ni mambo mawili tofauti ingawa yanaishi ndani ya boksi moja.

Kusaga ni habari ya pete za sinkro. Kila gia ya kwenda mbele ina pete ya shaba inayokaa juu ya koni ya chuma. Unapoisukuma gialiva, pete hiyo hubanwa kwenye koni na kuifanya gia izunguke kwa spidi moja na shafti kabla meno hayajakutana, kama kiganja kinachobanwa kwenye tairi la baiskeli linalozunguka. Pete ikiisha, msuguano unapungua, meno yanakutana kabla spidi hazijalingana, na hapo unasikia ile kelele. Ya pili hufa kabla ya nyingine kwa sababu ukirudisha kutoka ya tatu, pete hiyo ndogo inalazimika kuiongezea spidi gia, shafti ya kuingilia na sahani ya klachi, vyote kwa pamoja. Ukipandisha gia kazi ni nyepesi, kwa kuwa vitu hivyo vinapunguza mwendo vyenyewe.

Kutema ni habari nyingine. Ule mkono unaoteleza una meno ndani, nayo gia ina meno madogo pembeni. Meno hayo hukatwa kwa mwinamo mdogo ili nguvu ya gari ikiyabana yavutane na kushikana zaidi. Yakishaviringika kwa kuliwa, nguvu ile ile inayasukuma yaachane. Ukikanyaga mafuta, upande mmoja wa jino ndio unaobeba. Ukiachilia na injini ikawa inazuia gari, unabeba upande wa pili. Pikapu yako inatema ukiteremka tu, kwa hiyo upande ulioliwa ni ule wa kuzuia, na gia yenyewe ni ya tatu. Hiyo ni miaka ya mzee kuteremka Sachangwan na gia ya tatu akiwa amebeba. Naamini ndivyo, lakini imani haifungui boksi, kwa hiyo pima kwanza.

Anza na klachi, kwa kuwa klachi isiyoachia vizuri huifanya boksi nzima ionekane mbovu. Gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini ikinguruma polepole, kanyaga klachi hadi chini, hesabu pole pole hadi tano, kisha ingiza rivasi. Rivasi ya boksi hizi haina sinkro, hivyo haifichi kitu. Ikiingia kimya, klachi yako inaachia. Ikikwaruza, kuna kitu bado kinaizungusha boksi: hewa kwenye mafuta ya klachi, silinda ya chini inayovuja, au sahani iliyopinda. Tengeneza hilo kwanza, halafu uisikilize tena gia ya pili.

Klachi ikiwa nzima, jaribu kukanyaga mara mbili: kanyaga, toa ya tatu, achilia klachi gialiva ikiwa katikati, gusa mafuta kidogo, kanyaga tena, ingiza ya pili. Ikiingia bila kelele, umeifanya kwa mguu kazi ambayo pete imeshindwa kuifanya, na sasa una hakika kwamba ni pete. Wazee walioendesha malori kabla ya sinkro waliendesha hivi maisha yao yote. Wewe pia utaweza kuitunza ya pili namna hii mpaka siku ya garaji.

Kuhusu kutema, mtie mtu ndani aendeshe mahali salama, polepole, gari likiwa halina mzigo, huku wewe ukiangalia gialiva. Akiachilia mafuta na gialiva ikaruka mbele au nyuma kwa kishindo, shuka uangalie maunti za injini na za boksi. Mpira uliopasuka huiacha injini itembee, na mwendo huo wenyewe unaweza kuitoa gia. Halafu fungua kava la gialiva ndani ya kabini. Boksi nyingi za Toyota za enzi zile zina bushi ya plastiki pale chini gialiva inapokalia. Ikivunjika au kuisha, gialiva inacheza ovyo na gia haiingii hadi mwisho, na gia iliyoingia nusu lazima iteme. Ni kispea kidogo cha bei ya chini. Hakikisha kiko sawa kabla hujamruhusu mtu yeyote kuishusha boksi.

Mjomba wako ana nia njema ila oili nzito itakudhuru. Pete ya sinkro hufanya kazi kwa kuifuta oili juu ya koni ili shaba iguse chuma. Asubuhi za Molo unazijua. Oili nzito kwenye baridi hiyo haifutiki haraka, na utasaga zaidi mpaka boksi ipate joto. Wengine huenda mbali, wakamimina oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) iliyoandikwa GL-5. Hiyo imetengenezwa kwa meno ya difu yanayoteleza yakiwa yamebanwa mno, nayo ni telezi kupita kiasi kwa pete inayohitaji msuguano. Tafuta 75W-90 iliyoandikwa GL-4 kwa giaboksi, na ya difu iende kwa difu. Jaza kupitia tundu la ubavuni mpaka ianze kuchuruzika gari likiwa limelala sawa, basi.

Ila usiimwage ile ya zamani bila kuitazama. Imwage kwenye beseni safi ikiwa na joto, uiangalie kwenye jua. Uji mweusi kwenye sumaku ya nati ya chini ni wa kawaida kwa gari la umri huu. Mng'aro wa dhahabu kwenye oili ni shaba ya pete. Ukikuta vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole, hayo ni meno au beringi, na gari lisitoke tena barabarani.

Sasa gia ya tano. Fundi wako anakuahidi mafuta, basi tupige hesabu kwa safari yako mwenyewe. Tairi la 185R14 huenda takriban mita 2 kila likizunguka mara moja. Kwa kilomita 80 kwa saa ni mizunguko kama 670 kwa dakika. Kama difu yako ni ya 4.11, yaani propela, ile shafti ndefu iendayo kwenye difu, huzunguka mara 4.11 tairi likizunguka mara moja, gia ya nne, ambayo ni moja kwa moja, inaizungusha injini kama mara 2,750 kwa dakika. Gia ya tano yenye uwiano wa 0.85 ingeishusha hadi kama 2,330. Kwa mtu anayeshinda kwenye tambarare ya Kano kati ya Ahero na Kisumu, tofauti hiyo ni halisi: kelele inapungua, injini inapumua, na mafuta kidogo yanabaki kwenye tangi.

Lakini wewe huishi Ahero. Molo iko kama mita 2,500 juu ya usawa wa bahari na Nakuru kama 1,850. Unakwenda umebeba ukiteremka, na unarudi ukipanda. Ukiteremka na mzigo, gia ya tano ni ya hatari kwa sababu injini haizuii gari. Ukipanda, haivuti. Injini ya kabureta hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kwa sababu hewa inakuwa nyepesi, hivyo ile 12R ya lita 1.6 ikifika Molo imepungukiwa karibu robo ya nguvu ambazo ingekuwa nazo pwani. Hata ya nne unaiacha mara ngapi ukitoka Salgaa kwenda juu? Gia ya tano utaitumia vipande vifupi tu, na mafuta utakayookoa hayatakurudishia pesa za boksi.

Kuhusu "inaingia tu", hapa sikubaliani kabisa na fundi wako. Jina la Hilux limebandikwa kwenye magari yenye injini za familia tofauti kabisa. Injini za dizeli za L na za petroli za R hazina mpangilio mmoja wa bolti nyuma, pale belihausi, kile chuma chenye umbo la kengele, inapofungwa. Hata ndani ya herufi R yenyewe usidhanie. Peleka belihausi yako mkononi, uiweke juu ya ile unayouziwa, tundu kwa tundu.

Na bolti ni mwanzo tu. Shafti ya kuingilia lazima iwe na idadi ya meno na unene unaolingana na sahani ya klachi, na pua yake ikae kwenye beringi ndogo iliyo mwishoni mwa krenki, shafti kuu ya injini, bila kugonga wala kupungukiwa. Boksi ya gia tano mara nyingi ni ndefu kuliko ya nne, kwa hiyo propela lazima ikatwe na kuchomelewa, kisha isawazishwe kwenye mashine ili isitetemeke. Propela iliyochomelewa kwa macho hutetemeka, hula krosi zake, na kama gari lako ni lile refu lenye propela ya vipande viwili, senta beringi haitadumu. Krosimemba ya kushika boksi itahama. Tundu la gialiva sakafuni huenda likahitaji kukatwa upya. Mkono wa klachi unaweza kuwa upande mwingine. Spidi mita itasoma uongo mpaka kigia chake kilingane na difu yako.

Jambo moja naliogopa kuliko mengine yote, nalo ni mtu kutoboa belihausi matundu mapya ili ishikane. Shafti ya boksi lazima ikae katikati ya krenki kabisa. Ikikosea kwa sehemu ndogo ya milimita, gari litaondoka garaji vizuri, utampongeza fundi, na baada ya muda beringi ya mbele italia, sahani ya klachi itararuka katikati, na gia zitaanza kutema upya. Anayejua kazi hiyo hutumia geji ya saa kuipima belihausi ikizungushwa na krenki. Kama garaji haina geji hiyo, kazi hiyo si yao.

Basi ningefanyaje mimi kama Hilux hiyo ni yangu? Ningeishusha boksi iliyopo na kuifungua mezani kabla ya kutoa shilingi kwa spea yoyote. Simama hapo fundi akifungua. Mwambie aisukume kila pete kwenye koni yake kwa vidole na kupitisha filageji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, kati ya pete na meno ya gia. Kwa boksi nyingi za Toyota, nafasi ikiwa chini ya takriban milimita 0.8 pete imekwisha. Kisha apime uma ndani ya mfereji wa ule mkono, ambapo zaidi ya milimita 1 ni nyingi. Wewe mwenyewe pitisha ukucha kwenye yale meno madogo ya gia ya tatu. Yaliyo mazima yana ncha kali na ukucha unakwama. Yaliyoliwa yameviringika, ukucha unateleza kama juu ya kokoto ya mtoni. Huhitaji kuwa fundi kulisikia hilo.

Ukikuta ni pete, beringi, sili na ile gia ya tatu pamoja na mkono wake, tengeneza boksi hiyo hiyo. Gia na mkono wake vibadilishwe pamoja, kwa sababu mkono mzee hula gia mpya. Kama gia mpya haipatikani, nunua boksi ya pili ya gia nne ya aina ile ile, hata iliyochoka, muunganishe moja nzuri kutokana na mbili. Wauza spea wa Nakuru na wa Kibuye, Kisumu, wanazo au wanajua nani anazo, na Grogan ubaki kuwa mwisho wa safari. Itarudi mahali pake na propela yake, klachi yake na gialiva yake, na hakuna mtu atakayekata chuma cha gari la mzee. Ikiwa iko chini, badilisha sahani ya klachi, rilizi beringi na sili ya nyuma ya krenki kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa kazi kubwa ni kuishusha.

Ipo hali moja ambayo ningekubali gia tano: shafti zenyewe zimeliwa, boksi ya nne nzima haipatikani popote, na umepata gari moja la petroli linalokatwa kuuzwa spea, lenye belihausi inayolingana na injini yako. Hapo nunua seti yote kutoka gari hilo hilo: boksi, belihausi, sahani ya klachi, mkono wa klachi, krosimemba, gialiva na kipande cha mbele cha propela. Anayekuuzia boksi peke yake anakuuzia robo ya kazi, na robo tatu utazilipia kidogo kidogo kwa wiki nyingi za gari kusimama. Muulize fundi bei ya kazi nzima mpaka gari liende barabarani, ikiwa na propela iliyosawazishwa, kisha uiweke kando ya bei ya kutengeneza ile uliyo nayo.

Kuhusu logbuku: ina namba ya chasisi na namba ya injini. Giaboksi haimo, hivyo kuibadilisha hakukupeleki NTSA, mamlaka inayosajili magari. Ukibadilisha injini ni jambo jingine, lazima isajiliwe. Hata hivyo dai risiti yenye jina la muuzaji kwa boksi yoyote ya mtumba, maana spea za wizi zipo na polisi huzifuata. Na kama logbuku bado iko kwa jina la mzee, hilo ndilo la kushughulikia mapema, hasa kama ametangulia mbele ya haki, maana utahitaji karatasi za urithi za mahakama.

Mwisho, kuna dalili ambazo hazingojei jibu la maandishi. Kama boksi inalia gari likiwa limesimama na sauti inanyamaza ukikanyaga klachi, kama oili imetoa vipande, au kama gia mbili zinatema, lipeleke gari kwa fundi wa giaboksi, si wa magari kwa jumla. Nakuru wapo wanaofanya boksi tu, utawajua kwa meza iliyojaa shafti na pete zilizopangwa. Mwambie vile ulivyoniambia: inasaga ya pili nikirudisha, inatema ya tatu nikiachilia mafuta. Mwambie pia matokeo ya rivasi na ya kukanyaga mara mbili. Akikusikiliza, akaomba kuliendesha kabla ya kulifungua, mwachie gari. Na waambie wakague breki zote na mafuta ya breki siku hiyo hiyo, kwa sababu zimefanya kazi ya gia ya tatu kwa muda mrefu kuliko ilivyopaswa.